Mwanangu, unauliza mbona tunaficha

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza mbona sisi tuliokulia enzi za Mwalimu Nyerere tunaficha kila kitu, hata sukari tunaifungia kabatini, na papo hapo kila mtu kwetu ni ndugu.

Tuanze na sukari. Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin vilipokwisha 1979, Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Sabuni, chumvi, khanga, vyote kwa mgawo wa duka la kaya. Tuliacha jiwe litushikie nafasi kwenye foleni. Asubuhi unakuta jiwe lako limerudi nyuma, la mke wa balozi wa nyumba kumi, yule kiongozi wa chama mtaani, liko mbele. Unga ulikuwa wa yanga, ule wa njano kutoka Marekani, na ulinuka, sikufichi. Kisha 1983 Waziri Mkuu Sokoine akawaandama wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa. Watu walitupa bidhaa vichakani na baharini wasikutwe nazo. Mtoto aliyemwona mama yake akificha mche wa sabuni utadhani bangi, unategemea akue akitangaza alichonacho?

Usidhani tulikuwa sawa kweli. Wakubwa walipitia mlango wa nyuma. Ila Azimio la Arusha, lile la ujamaa la 1967, lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili, basi hata mwenye nacho aliona haya kujionyesha. Haya hiyo naikumbuka kwa hamu, nyie mtacheka.

Undugu haukuwa maneno ya jukwaani tu. Mimi Mgogo nilipangiwa shule ya bweni Songea, nikala ugali sahani moja na Wachaga na Wamakonde. Baba yako Mnyakyusa tulikutana JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na nyumbani hakuna aliyeuliza kabila lake mara mbili.

Kusema ndiko kulikotushinda. Chama kimoja, redio moja, na runinga huku Bara haikuwepo mpaka 1994. Manung'uniko tuliyamalizia kwenye utani na mafumbo ya khanga. Nyie mnasema wazi, na mara nyingi mna haki.

Kwa hiyo ulipomwambia baba yako unaacha kazi serikalini ufungue biashara, akakohoa na kuomba chai, alikuwa anakataa. Muulize tena, na safari hii mkazanie mpaka atoe sababu.

Mama yako