Majibu ya Gereji: Forester STI, petroli yetu na pistoni zinazopasuka

Barua za safari hii karibu zote zinahusu gari moja: Subaru Forester STI, ile ya msimbo wa chasi SG9 iliyouzwa Japani kuanzia 2004 hadi 2007. Ni gari adimu, na zilizopo huku nyingi zimeshapitia mikono kadhaa, kila mkono na fundi wake. Tumechagua barua tano.

Shikamooni mafundi. Forester STI yangu imetoka Japani haijaguswa. Kuna kijana ana mapu (programu inayoiamuru injini) ya huko huko Japani, anasema akiiweka tabo, ile inayobana hewa iingie kwenye injini, itasukuma bar 1.3 na gari litaruka. Nipo Arusha. Niiweke? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Usiiweke.

Injini yako ni EJ255 ya lita 2.5, nguvu ya farasi 265, na hata mapu yake ya kiwandani ilipangwa kwa petroli bora ya Japani yenye okteni 100 (okteni ni uwezo wa petroli kutolipuka yenyewe). Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa inashuka zaidi. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Okteni ikipungua, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na kipigo hicho kinaishia kwenye pistoni.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo kijana wako huenda hajalipigia hesabu. Pwani hewa ina presha ya kPa 101 (bar 1 ni kPa 100). Arusha, kama mita 1,400 juu ya bahari, ina 86 hivi. Bar 1.3 kwenye geji ikiwa Dar maana yake tabo imeibana hewa mara 2.3. Geji ikisoma hivyo hivyo Arusha, imeibana mara 2.5. Na mapu ikilazimisha presha ya jumla iwe sawa na ya pwani, tabo itaibana mara 2.7. Inazunguka kasi kuliko ilivyokusudiwa, hewa inatoka ya moto, na hewa ya moto ndiyo inayoleta mlipuko wa mapema. Kwa hiyo mapu ya Japani huku inakuumiza mara mbili.

Ukitaka kuongeza nguvu, anza na vitu vya bei nafuu. Plagi mpya, nafasi milimita 0.7. Filta ya petroli. Mabomba yote ya hewa kutoka tabo hadi intakula (kipoza hewa ya tabo), yajazwe hewa kwa kompresa kidogo kidogo, bar 1 isipite, na maji ya sabuni yapakwe kwenye kila klipu. Fungua boneti utazame lile sponji linaloziba kati ya tundu la boneti na intakula; likiwa limekatika, upepo unapita pembeni na intakula inabaki kuchemshwa na injini iliyo chini yake. Wengi hutafuta intakula kubwa kumbe shida ni sponji.

Kisha pima kabla ya kubadili. Waya wa Tactrix OpenPort 2.0, kompyuta mpakato na programu ya RomRaider vinatosha kusoma kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya gari hili. Ongeza geji ya kusoma uwiano wa hewa na petroli kwenye ekzosi, ile ya masafa mapana. Sensa ya kawaida haikufai kwa kazi hii. Weka gia ya tatu, kanyaga resi yote kuanzia mizunguko 2,500 hadi 6,500, kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au barabara iliyofungwa, na rekodi mizunguko, presha ya tabo, joto la hewa, taimingi (wakati plagi inapowasha), masahihisho ya noki (ule mlipuko wa mapema) na ule uwiano. Tabo ikiwa imejaa, uwiano ukae karibu na 11 kwa 1. Ukivuka 12, ondoa mguu hapo hapo. Kipimo kiitwacho IAM, kinachoonyesha kontroli boksi inaiamini taimingi kiasi gani, kisomeke 1 (kwenye kontroli boksi za zamani ni 16). Kikianza kushuka, injini inalalamika hata kama wewe husikii kitu. Sahihisho dogo la noki lililotokea mara moja si la kukukosesha usingizi. Likirudi kwenye mizunguko ile ile kila ukijaribu, punguza taimingi nyuzi mbili au tatu mahali hapo. Presha ya tabo iguswe mwisho kabisa, na kwa Arusha tungeiacha ya kiwandani.

Vile vichupa vya kuongeza okteni visikudanganye. Maandishi "pointi 10" maana yake ni okteni 1 tu, na vile vyenye manganizi huacha unga mwekundu kwenye plagi na kuua sensa za ekzosi.

Nimefunga valvu ya kutoa pumzi nje ili gari lilie "pshhh". Sasa nikibadili gia linatoa moshi mweusi na wakati mwingine linapiga bastola. Fundi anasema nozeli. (Msomaji, Mombasa)

Si nozeli. Sensa ya hewa ipo kabla ya tabo, na hewa iliyopita hapo imeshahesabiwa na kuandaliwa petroli yake. Wewe unaimwaga nje, petroli inabaki bila hewa: ndiyo moshi, ndiyo mlio. Rudisha valvu ya awali inayopeleka pumzi kwenye bomba la kuingizia. Kama umebadili pia bomba la filta, kuna tatizo la pili: kipenyo kikiongezeka, hewa ile ile inapita taratibu mbele ya sensa, inasomeka pungufu, na injini inakosa petroli wakati inapoihitaji zaidi. Bomba hilo lisiwekwe bila kupanga upya jedwali la sensa.

Habari za kazi mafundi. Gari langu linakula lita moja ya oili kila kilomita elfu. Likisimama kwenye foleni linatetemeka, na asubuhi moshi ni wa buluu. Nimeambiwa ni sili za tabo, nimebadili tabo, hali ni ile ile. (Dada wa Nakuru)

Pole dada, fedha za tabo zimekwenda bure. Dalili zako zinaelekeza kwenye ugonjwa unaojulikana wa injini hii: ukingo wa pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili umepasuka. Pistoni za kiwandani ni za kumimina, ngumu lakini hazivumilii kipigo, na mara nyingi silinda namba 4 ndiyo inayotangulia.

Hakikisha kabla ya kufungua. Pasha injini, toa plagi zote nne, toa fyuzi ya pampu ya petroli, mtu akanyage resi hadi mwisho, piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Usishangae namba kuwa ndogo kuliko za kitabu, kwa sababu Nakuru ipo juu, mita 1,850 hivi. Injini inayosoma psi 150 pwani itasoma kama 120 hapo bila kuwa na ubaya wowote. Tazama tofauti: silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, ni mgonjwa.

Hapo fanya kipimo cha uvujaji. Pistoni iwe juu, valvu zote zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na usikilize. Ikivuma kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au pistoni. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea; kwenye throtoli, ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gaskiti ya hedi.

Ikithibitika ni pistoni, usibadili moja. Weka nne za kufuliwa (za aloi iliyogandamizwa, si ya kumimina), na uchague aloi kwa matumizi. Aloi 4032 ina silikoni nyingi, haitanuki sana, na kwa gari la kwenda kazini inatosha. Aloi 2618 inavumilia mateso zaidi lakini inahitaji nafasi kubwa, kwa hiyo asubuhi itagongagonga hadi ipate joto. Silinda ya EJ255 ni milimita 99.5, ikichongwa huenda 99.75 au 100. Mchongaji afunge bamba zito la kukazia juu ya bloku, likazwe kama hedi, ndipo achonge. Bila bamba hilo, silinda zitakuwa duara mezani na yai zikishafungwa. Nafasi ya pistoni na mwanya wa ringi vifuate karatasi ya mtengenezaji wa pistoni, si kumbukumbu ya fundi.

Bomba la kunyonya oili ndani ya sampu libadilishwe, kwani la kiwandani hupasuka kwenye kiungo na pampu ikaanza kunyonya hewa. Kama kuna vipande vya chuma kwenye oili, tupa kipoza oili. Hakisafishiki, na kitairudishia injini mpya uchafu wa ile ya zamani. Mwisho, fungua boliti ya tundu inayopeleka oili kwenye tabo upande wa hedi ya kulia. Ndani yake kuna kichujio kidogo cha waya kinachoziba kwa oili iliyokaa muda mrefu, na hivyo ndivyo tabo mpya hufa upesi.

Barabara zetu zinavunja rimu za inchi 18. Naweza kushuka hadi 16? (Msomaji, Dodoma)

16 haipiti kaliper za breki za Brembo. 17 inapita, lakini jaribisha kwanza, kwa kuwa mkunjo wa mikono ya rimu hutofautiana. Tundu za boliti ni tano, duara la milimita 100. Tairi 225/50R17 inakaribia kabisa kimo cha 225/45R18 ya kiwandani. Nunua nne kwa pamoja: mizingo ya tairi isipishane zaidi ya milimita 6, ama sivyo difu ya kati itachemka na kuungua.

Niko Calgary. Kanada inaruhusu magari ya miaka 15 na zaidi, na nimeona Forester STI kwenye mnada wa Japani. Nitajuaje kama ni halisi? (Msomaji, Kanada)

Beji, bampa na viti vyote vinanunulika, kwa hiyo usivitazame. Omba picha ya kibati cha chasi. Kikianza na SG5 ni lita 2.0 iliyovalishwa nguo za STI. Kikianza na SG9 bado usifurahi, maana Forester nyingine za lita 2.5 zenye tabo hutumia msimbo huo pia. Tafuta giaboksi ya gia sita na kaliper za Brembo mbele na nyuma. Karatasi ya mnada yenye daraja R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa kuwa kwenu kuna chumvi barabarani, omba picha za matao ya nyuma na sehemu shokapu zinapofungwa. Kutu ikishaanza hapo, punguza bei uliyokusudia au liache.

Mkanda wa taimingi ubadilishwe likifika, hata muuzaji akiapa, pamoja na pampu ya maji na puli zake. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Kifundo cha kukazia mkanda kibanwe kwenye presi kikiwa wima, polepole, dakika tatu au zaidi, ndipo pini iingie. Kikiharakishwa sili yake ya ndani inaumia na kitalegea baadaye. Na fundi ajihadhari na puli za kamshafti za upande wa kushoto: springi za valvu huzirusha ghafla mkanda unapotoka, na valvu ikapinda gari likiwa limesimama.