Maswali Yenu: Nataka Maabara ya Kompyuta Nyumbani

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma TEHAMA hapa Tanga, naishi Makorora kwa mama mkubwa. Nataka nianzishe maabara ndogo nyumbani nijifunze seva na netiweki, maana chuoni tunagombania mashine mpaka zamu yako ikifika muda umeisha. Nimekusanya laki tano. Kuna ofisi inauza seva yake ya zamani, ile bapa ndefu ya kuingiza kwenye raki, prosesa mbili, ramu GB 64, wanataka laki nne na nusu. Washkaji wananiambia niiwahi kabla haijaondoka. Nichukue?
Msomaji, Makorora

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Iache iondoke.

Najua GB 64 zinatamanisha, ila umeme analipa mama mkubwa. Seva ya zamani ya prosesa mbili hata ikikaa tu bila kazi inaweza kula wati 150, sasa piga hesabu, wati 150 saa 24 kwa siku 30 ni uniti 108. Nyumba yenye tarifu ya matumizi madogo inatakiwa isivuke uniti 75 kwa mwezi, yani hiyo seva peke yake imeshawatoa kwenye bei nafuu kabla hamjawasha taa wala friji. Halafu zile bapa feni zake ni ndogo zinazunguka kwa kasi sana, kelele yake usiku hamlali, na joto la Februari la hapa Tanga unalijua mwenyewe.

Tafuta sipiyu ya ofisi, yani boksi zima la kompyuta, ile ndogo. Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, yoyote kati ya hizo, ya kizazi cha 6 cha Intel kuendelea, kwa mfano i5-6500 ambayo ina kori nne. Kwenye namba za tarakimu nne, ile ya kwanza baada ya alama ya mstari ndo kizazi, kwahiyo muuzaji akikwambia "i5 hii" we angalia namba, usiishie kwenye i5 manake i5 ziko za tangu 2009. Na wakati mzuri wa kununua ni huu, kwasababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ofisi nyingi za nje zinazitoa hizi za 6 na 7 zikiwa nzima kabisa, na sisi tunaotumia mfumo wa Linux hayo masharti hayatuhusu. Ikiwa imetulia inakula kama wati 15, mwezi mzima haifiki uniti 11.

Hela yako nyingi ipeleke kwenye ramu. GB 16 ndo pa kuanzia, na chagua mashine yenye nafasi nne za ramu ukiipata ili uongeze taratibu. Zile ndogo kabisa za saizi ya kitabu zinatumia ramu za laptopu na zina nafasi mbili tu, sio mbaya, ila ujue mapema.

Sasa kabla hujatoa hela, iwe hapa Ngamiani au umeagiza mtu Kariakoo, mashine iwashwe mbele yenu. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe (ikiwaka tu bonyeza Dell F2, HP F10, Lenovo F1), ikiomba paswedi ya aliyekuwa nayo mwanzo achana nayo, kuitoa ni kazi. Hakikisha sehemu ya vachualaizesheni, yani uwezo wa kuendesha mashine kadhaa ndani ya moja, ipo na inaweza kuwashwa, bila hiyo mpango wote umekufa. Kisha chomeka flashi yako yenye Linux inayofunguka bila kuinstoo, iwe na programu ya smartctl ndani, usome hali ya diski. Nenda kwenye Reallocated_Sector_Ct, hizo ni sehemu za diski zilizoharibika, upande wa mwisho wa mstari isome 0. Power_On_Hours, yani masaa iliyokaa imewaka, ikiwa 40,000 hiyo diski imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika, ihesabu kama zawadi tu na ununue SSD, ile diski isiyozunguka. La mwisho ni la kwetu watu wa pwani: washa tochi ya simu umulike ndani ya tundu la waya wa neti na matundu ya USB, ukiona ukijani kwenye vile vipini vya shaba chumvi imeshaingia, na ilivyo pale nje ndivyo ilivyo kwenye bodi.

Ukishaipata weka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), ni bure na imejengwa juu ya Debian, faili lake pakua chuoni usimalize bando. Ndani yake unatengeneza mashine pepe za Linux za GB 1 au 2, moja iwe DNS (ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba), moja wavuti, moja uifanye rauta, uziunganishe kwa swichi ambayo nayo ni programu tu. Yani netiweki nzima unaianza bila kununua hata waya mmoja. Piga snapshoti, yani hifadhi hali ya mashine ilivyo sasa, haribu kwa makusudi, rudisha, haribu tena. Hicho ndo kitu chuoni hawawezi kukuruhusu.

SWALI: Nimepata swichi ya mtumba ya Cisco Catalyst 2960, inawaka vizuri ila inataka paswedi na aliyeniuzia haijui.
Fundi, Chumbageni

JIBU: Kwanza uwe na risiti, ni muhimu. Pili tafuta waya wa konsoli na adapta ya kuupeleka USB, kasi 9600. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha Mode pale mbele, chomeka umeme huku umekishikilia mpaka ikuletee switch: kwenye skrini. Andika flash_init, kisha rename flash:config.text flash:config.old, kisha boot. Ikiwaka haitakuwa na paswedi. Usisahau kufuta na flash:vlan.dat, watu wengi wanaiacha halafu VLAN (netiweki zilizogawanywa ndani ya swichi) za ofisi ya zamani zinawasumbua, na ukiichomeka kwenye netiweki nyingine inayotumia VTP, njia ya swichi za Cisco kupeana orodha ya VLAN, inaweza ikafuta VLAN za wenzako. Na usishangae kasi, 2960 nyingi matundu yake ya kawaida ni megabiti 100, za giga ni 2960G, 2960S na 2960X. Kujifunzia VLAN inakutosha kabisa.

SWALI: Umeme ukikatika seva yangu inazima ghafla na UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme, sina hela ya kununua.
Mama Wawili, Sahare

JIBU: Dada yangu, tafuta laptopu iliyovunjika kioo uifanye ndo seva. Mafundi wanazo na bei huwa chini kwasababu hakuna anayeitaka, na betri yake ndo UPS yako. Instoo ukiwa umeiunganisha kwenye TV kwa HDMI, baada ya hapo unaingia kwa SSH, yani kuiendesha kwa mbali kupitia netiweki, kutoka kwenye simu au mashine nyingine. Ila ifungue kwanza uione betri, ikiwa imevimba usiichukue hata ukipewa bure.