Kabla Hujamtangaza Kupe Wako Kuwa Mwenezaji

Juma lililopita nilipokea barua pepe mbili katika asubuhi moja. Ya kwanza ilitoka kwa mhariri wa jarida, akinijulisha kwamba makala yangu kuhusu kupe wa mifugo na wanyamapori imekubaliwa kuchapishwa. Ya pili ilitoka kwa kijana anayesoma shahada ya uzamili, ambaye baada ya shikamoo alinieleza kwamba amepima kupe aliowatoa kwenye ng'ombe na nyati, akakuta vinasaba vya Theileria, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, katika aina ya kupe ambayo vitabu haviitaji kuwa mwenezaji wake, na sasa anataka kujua apeleke makala wapi ili atoke kabla mwingine hajamtangulia. Niliisoma barua yake mara tatu. Swali hilo niliwahi kuuliza mimi mwenyewe miaka 6 iliyopita, kwa haraka ileile na kwa furaha ileile, na jibu nililopata lilinikosesha usingizi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Ninyi mnaosoma hapa mnaijua haraka hiyo. Sote tunataka jina letu litangulie katika orodha ya waandishi, na hakuna kinachopendeza katika fani yetu ya vimelea kama kuwa mtu wa kwanza kusema kwamba mdudu fulani hueneza ugonjwa fulani. Mimi nilikuwa nimeahidiwa nafasi ya kufuatana na madaktari wa wanyamapori waliokuwa wakiwalaza nyati kwa dawa kwa ajili ya kazi yao nyingine, na kila nyati alipolala nilipewa dakika chache tu za kuokota kupe kabla hajaamshwa. Niliokota kwa pupa. Vichupa vilipopungua nikaanza kuwachanganya kupe wa nyati wawili, kisha watatu, katika kichupa kimoja, nikijiambia kwamba nyati ni nyati. Lebo niliziandika nje ya vichupa kwa kalamu ya wino, na atakayecheka hapa acheke, kwa sababu alkoholi ilipovuja wakati gari likirukaruka njiani, nusu ya lebo hizo zilifutika nikabaki na vichupa vyenye michirizi ya buluu. Tangu siku hiyo ninaandika kwa penseli, juu ya kipande cha karatasi ngumu kinachotumbukizwa ndani ya kichupa pamoja na kupe wenyewe, kwa kuwa penseli haiyeyuki katika alkoholi. Kama hutakumbuka lingine lolote katika makala hii, kumbuka penseli.

Maabara ilinipa nilichokitamani. Katika kupe kadhaa wa jenasi ya Amblyomma, wale wakubwa wenye madoa ambao sifa yao mbaya ni kueneza ugonjwa wa maji moyo, tulikuta vinasaba vya Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, ambacho tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kinajulikana kuenezwa na kupe mwingine kabisa, Rhipicephalus appendiculatus, yule wa kahawia anayependa kujazana masikioni mwa ng'ombe. Nilirudia kipimo, jibu likawa lilelile. Niliandika makala kwa majuma mawili, nikaiwekea kichwa chenye maneno "mwenezaji mpya", na katika sehemu ya mjadala nikaongeza aya ya kuwaonya wafugaji dhidi ya nyati. Aya hiyo nitairudia baadaye, kwa sababu ndiyo ninayoionea haya zaidi.

Wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kwa niaba ya jarida, walikuwa wawili. Wa kwanza aliuliza mambo ya kawaida. Wa pili aliandika mistari michache ambayo bado naikumbuka kwa moyo: kwamba kupe wangu walitolewa kwenye mnyama wakiwa wamejaa damu, kwamba mnyama huyo huenda alikuwa na kimelea, na kwamba kwa hiyo nilichopima ni mlo wa kupe, si kupe. Mhariri akaikataa makala bila kunipa nafasi ya kuirekebisha. Msimamizi wangu, aliyekuwa ameisoma na kuipitisha, aliisoma barua ile mbele ya kikao cha wanafunzi wote na kucheka, na mwenzangu mmoja akaomba jina lake liondolewe. Sisemi hayo ili nionewe huruma. Nayasema kwa sababu hadi leo sijasikia mtu katika kile kikao akikiri kwamba hata yeye hakuliona kosa.

Na kosa lilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angetulia na kufuata maisha ya kupe. Kupe wa aina hizi mbili hunyonya mara tatu tu katika uhai wake: mara moja akiwa mchanga mwenye miguu sita, mara ya pili akiwa tunutu mwenye miguu minane, na mara ya tatu akiwa mpevu, na baada ya kila mlo huanguka chini, akajibadilisha ngozi au, kama ni jike mpevu, akataga mayai na kufa. Theileria parva haipiti kutoka kwa mama kwenda katika mayai. Kupe huipata akiwa katika hatua moja na kuisambaza katika hatua inayofuata, baada ya kubadilika ngozi. Sasa mtazame jike wangu mpevu aliyeshiba, aliyeng'olewa kwenye tumbo la nyati: hata kama damu aliyoinywa ina vimelea tele, hana mnyama mwingine wa kumnyonya. Vimelea hivyo vitakufa pamoja naye. Kipimo changu cha vinasaba hakikuwa na uwezo wa kutofautisha kati ya kimelea kilichojificha katika tezi za mate, tayari kuingia kwa mnyama mpya, na mabaki ya kimelea yanayomeng'enywa tumboni pamoja na damu ya jana.

Babesia bigemina, kimelea kingine cha kupe kinachowafanya ng'ombe wakojoe mkojo mwekundu, ina tabia nyingine. Kupe wake humaliza hatua zote tatu juu ya mnyama mmoja, na kimelea hupita katika mayai, hivyo ni watoto wa kupe wanaoupeleka ugonjwa kwa ng'ombe mwingine. Theobald Smith na Fred Kilborne walilionyesha hilo nchini Marekani katika kazi waliyoichapisha mwaka 1893, na kila nikiisoma naona aibu kwa jinsi ilivyo nyepesi kueleweka. Hawakuwa na kipimo chochote cha vinasaba. Waliwaweka ng'ombe katika mazizi pamoja na kupe na bila kupe, kisha wakaangua mayai ya kupe ndani ya vyombo, wakawaweka watoto wale ambao hawajawahi kuonja damu juu ya ng'ombe wazima, na ng'ombe wakaugua. Hakuna mhakiki awezaye kusema kwamba kupe aliyetoka katika yai jana alikuwa amebeba mlo wa mnyama mwingine.

Mfano wa pili huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, pengine kwa kujifariji. Patrick Manson mwaka 1877, akifanya kazi nchini China, aliwaona minyoo wa filaria, wale wa matende, wakikua ndani ya mbu aliyekuwa amemnyonya mtu mwenye minyoo hiyo. Aliona kweli, wala hakukosea alichokiona. Lakini aliamini kwamba mbu hufa majini na kwamba watu huambukizwa kwa kuyanywa maji hayo. Ronald Ross ndiye aliyeifuata njia hadi mwisho, ingawa kwa kimelea kingine: mwaka 1898, huko Calcutta, India, aliifuatilia malaria ya ndege kutoka tumboni mwa mbu hadi katika tezi zake za mate, kisha akawaacha mbu hao wawaume shomoro wazima, na shomoro wakapata malaria. Umbali kati ya tumbo na tezi za mate ni mdogo mno kwa kipimo cha rula, na ndani ya umbali huo ndimo makala yangu ilimozama.

Nirudi kwenye ile aya ya nyati. Niliandika kwamba nyati ni chanzo cha hatari na kwamba kuwatenganisha na ng'ombe ni jambo la lazima. Ni kweli kwamba nyati hubeba Theileria parva kwa miaka mingi bila kuugua, na kwamba ng'ombe anayechungwa mahali walipopita nyati anaweza kufa. Lakini niliandika kama mtu aliyempata mkosaji, na historia ya fani yetu ina damu nyingi iliyomwagika kwa sentensi za namna hiyo. David Bruce alipoonyesha huko Zululand, Afrika Kusini, katika miaka ya 1890, kwamba nagana, ugonjwa wa mifugo, huenezwa na mbung'o na kwamba wanyamapori wana vimelea hivyo bila kuonekana wagonjwa, aligundua jambo la kweli. Waliofuata baadaye walilichukua wakalifanya sababu ya kuwapiga risasi wanyamapori kwa wingi, ilhali mahali pengi mbung'o aliendelea kuwepo. Kimelea kuwamo mwilini ni jambo moja na ugonjwa kutokea ni jambo la pili, na anayeandika bila kutenganisha hayo mawili anampa bunduki mtu asiyemjua.

Simba wa Serengeti wanalieleza hili vizuri kuliko mimi. Mwaka 1994 karibu theluthi moja yao walikufa, na lawama zikaangukia virusi vya distempa ya mbwa. Baadaye sampuli za damu zilizohifadhiwa zilionyesha kwamba virusi hivyo vilikuwa vimepita kwa simba mara nyingine bila kuleta vifo vingi. Tofauti ya mwaka ule ilikuwa ukame uliotangulia, uliowadhoofisha nyati na kuwajaza kupe. Simba waliowala nyati hao wakapata Babesia kwa kiasi kikubwa mno, na virusi vilipoingia vikaidhoofisha kinga iliyokuwa ikiizuia Babesia. Jambo kama hilo lilijirudia Ngorongoro mwaka 2001. Mtu aliyepima Babesia peke yake katika simba mzima angeandika kwamba haina madhara, na aliyepima virusi peke yake angeandika kwamba amempata muuaji. Waliopata jibu ni wale waliokuwa na damu ya miaka mingi ndani ya majokofu, ikiwa na lebo zinazosomeka. Mnaona kwa nini siachi kuzungumzia lebo.

Miaka minne iliyofuata sitaisimulia, kwa kuwa ilikuwa ya kuomba vibali, kuandika upya maombi ya fedha na kungoja. Nilichofanya mwishowe ni kitu kidogo. Nilitafuta ng'ombe waliothibitishwa kuwa na Theileria parva, nikaokota tunutu walioshiba wa aina zote mbili, Amblyomma na Rhipicephalus, kutoka kwa mnyama yuleyule, kila mnyama na kichupa chake. Hawa sikuwatia katika alkoholi. Niliwaweka hai mahali penye joto na unyevu hadi walipobadilika ngozi na kuwa wapevu. Kisha, kwa kibali cha kamati ya maadili, niliwaacha wanyonye kwa sungura kwa siku chache, kwa sababu Theileria hukomaa katika tezi za mate baada tu ya kupe kuanza kunyonya, na hapo ndipo nikawapasua na kuzipima tezi peke yake. Kupasua tezi za kupe chini ya hadubini ni kazi ya kuumiza shingo na macho, na wiki ya kwanza niliharibu nyingi kuliko nilizookoa.

Katika Rhipicephalus nilikuta kimelea. Katika Amblyomma sikukuta kitu. Hata mmoja. Makala iliyokubaliwa juma lililopita, kwa maneno mengine, inasema kwamba dai langu la miaka 6 iliyopita halina msingi, na katika shukrani nimemshukuru mhakiki wa pili ambaye simjui. Najivunia makala hiyo kuliko ile ambayo ingetoka. Siwafichi pia kwamba nilitamani yule msimamizi aione.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, ushauri wangu si kwamba uitupe kazi yako. Vinasaba ulivyovikuta vinaonyesha kwamba kimelea kimo miongoni mwa ng'ombe au nyati wa eneo lako, na hilo pekee linafaa kuchapishwa kwa kichwa cha habari kinachosema hivyo na si zaidi. Rudi ukachukue damu ya wanyama walewale uliowatoa kupe, kwa sababu kupe bila damu ya mwenyeji wake ni ushahidi nusu. Kwa Babesia chukua damu ya ncha ya sikio na uipake kioo siku hiyohiyo. Kwa ndigana kali dunga sindano katika tezi za limfu za mnyama zilizovimba na utazame majimaji yake. Buruta kitambaa cheupe nyasini uwapate kupe wenye njaa, ambao hawana mlo mpya wa kukudanganya. Usichanganye wanyama ndani ya kichupa kimoja, hata vichupa vikikuishia. Ni afadhali uache kuokota. Andika mnyama, sehemu ya mwili, tarehe na mahali, kwa penseli, ndani ya kichupa, na unisamehe kwa kulirudia. Neno "mwenezaji" liache kwanza, hata kama msimamizi wako analipenda, maana litakaporudi na barua ya kukataliwa, jina litakalosomwa kikaoni ni lako.

Nami siwezi kukutajia jarida kabla hujanijibu maswali mawili ambayo barua yako haikuyagusa: kupe hao walikuwa na njaa au walikuwa wameshiba, na kila kichupa kina kupe wa wanyama wangapi?