Mleta mada, subiri kwanza, usimtoe mtoto shule

Unauliza ukitaka kumfundishia nyumbani utumie mtaala gani, gharama zikoje, mitihani inakuwaje, halafu mwishoni unachomekea: "marafiki nadhani wa mtaani watatosha." Hapo nikaweka kikombe chini. Mtaani wapi, dada yangu? Dar hii hii?

Nilidanganyika hivyo hivyo mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi, zikafunguliwa mwisho wa Juni, na ile miezi mitatu kijana wangu alisoma nyumbani vizuri kuliko darasani. Tunakaa Goba. Basi la shule lilikuwa linampitia saa kumi na moja alfajiri, anarudi kiza kinaingia, analala na viatu. Nikasema basi, harudi tena.

Aliyenijaza upepo ni dada mmoja wa kundi la WhatsApp, Mtanzania mwenzetu anaishi Texas, anauza masomo. Kila nikiuliza kijana atapata wapi wenzake, jibu ni moja: "watoto hujichanganya wenyewe." Kwake sawa! Huko wanaofundisha nyumbani wapo tele, wana vikundi vyao, wanakutana bustanini mchana kweupe. Goba Jumanne asubuhi tulikuwa mimi, kijana na kuku wa jirani. Watoto wote wako shule. Jumamosi wako tuisheni, Jumapili ibadani, jioni wanafua sare. Hilo hakulitaja, na hela yangu ameshaila.

Nikajifanya mjanja. Kuogelea Jumamosi Mbezi Beach, kinanda Alhamisi, na mimi pembeni nimekaa kama mlinzi. Anaogelea, anatoka, namfuta maji, tunarudi. Miaka miwili! Wageni wakija wanamsifu kwa adabu, kichwa kinanivimba. Mtoto wa miaka tisa anaongea kama msoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nami nikadhani ndiyo malezi.

Desemba 2022 tukaenda kwa shemeji yangu Mbagala. Watoto wanacheza kombolela. Wangu akawafuata, mikono nyuma: "Samahani, ninaomba kujiunga na mchezo wenu." Walicheka mpaka wakakaa chini, ila wakamchukua, wakampa na jina, Mheshimiwa. Magharibi wenzake wakaitwa kuoga, kila mtu kwao. Wangu haonekani. Tumetafuta karibu saa nzima, nimeshavaa viatu niende kwa mjumbe, ndipo shangazi yake akamkuta nyuma ya tangi la maji, kajikunyata, mbu wamemmaliza. Hakujua kuwa mchezo umeisha. Na anatabasamu: "Baba, hawajanipata. Nimeshinda, eti?"

Nikacheka mbele za watu. Usiku ule sikulala.

Sasa sikia. Kabla hujagusa mtaala, tafuta mahali penye watoto walewale, siku zisizopungua tatu kwa wiki, na wewe USIWEPO. Madrasa, kwaya ya watoto, timu ya mchangani, popote. Nasema walewale kwa sababu mtoto anatakiwa agombane na mtu Jumatatu, akutane naye tena Jumatano, wamalizane wenyewe. Bwawa la Jumamosi halimo, usinibishie, nimelilipia. Ukipakosa mahali hapo, muache shule, tafuta ya karibu, hata kama ni kuhama nyumba.

Wangu nilimrudisha Januari 2023, shule ya kwenda kwa miguu. Namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, ilinisumbua, na muhula wa kwanza alilia karibu kila siku. Juzi mwalimu kaniita, eti kijana ana kelele darasani. Nilijikaza nisimpe mkono wa hongera.

Mitihani sijui nikwambie nini, nilimrudisha kabla ya upimaji wa darasa la nne. Ila Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule, kaisome. Mtaala watakutajia wengine humu, wapo wengi na wanapenda kutaja. Wewe nijibu moja tu: hapo kwenu watoto wa majirani wanarudi saa ngapi?