Muulize Mfamasia: Makopo matatu kwa goti moja

SWALI: Mwanangu mfamasia, nina miaka 58. Goti la kulia linaniuma nikipanda ngazi, na asubuhi huwa limekaza dakika kama kumi kisha linalegea. Binti yangu ameniletea makopo matatu: multivitamini, vidonge vya "mifupa na viungo" vyenye kalsiamu na glukosamini, na vitamini D peke yake. Nimekunakilia lebo zote. Natumia metformini kwa ajili ya kisukari, huu mwaka wa tisa. Nichague lipi, au ninywe yote? Siku hizi pia nyayo zinakufa ganzi usiku, lakini huo nadhani ni uzee.
Mama wa Watatu

JIBU: Shikamoo mama. Asante kwa kunakili lebo, maana wengi huniandikia jina la kopo tu. Niruhusu nianzie mwisho wa barua yako, kwa sababu hapo ndipo niliposhtuka. Ganzi ya nyayo kwa mtu aliyetumia metformini miaka tisa si ya kuusingizia uzee. Dawa hiyo ni nzuri na usiiache, ila ikitumika kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na B12 ikipungua mishipa ya fahamu huumia. Kisukari chenyewe nacho huleta ganzi kama hiyo, kwa hiyo hatuwezi kukisia. Mwombe daktari akupime B12 kwenye damu na akuchunguze nyayo. Kapime kabla hujaanza multivitamini, kwani ina B12 na inaweza kufanya majibu yapendeze kuliko hali ilivyo.

Na tafadhali, asitokee mtu akakuanzishia vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B "vya mishipa" kwa kubahatisha. Vingi vina B6 nyingi, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi ileile unayotaka kuiondoa. Marekani kikomo cha mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku. Ulaya walikishusha mwaka 2023 hadi miligramu 12.

Sasa makopo. Nilikaa na lebo zako na kalamu mkononi. Multivitamini ina vitamini D mikrogramu 25. Kopo la mifupa limeandika IU 2,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini). La tatu, mikrogramu 50. Ukizitazama namba hizo huoni tatizo, kwa sababu kila kiwanda kimetumia kipimo chake. Mikrogramu moja ya vitamini D ni sawa na IU 40. Zigeuze zote, utapata 1,000, 2,000 na 2,000: jumla IU 5,000 kila siku. Umri wako unahitaji 600, na kikomo ni 4,000. Hutaanguka kesho, mama, lakini vitamini D iliyozidi kwa miezi inaweza kupandisha kalsiamu ya damu, na hapo huja kiu, kichefuchefu na mawe ya figo. Figo za mtu mwenye kisukari tunazilinda, hatuziongezei kazi. Kopo la tatu liweke kando mpaka kipimo cha damu kionyeshe kwamba una upungufu.

Kuna maandishi madogo pia kwenye kopo la mifupa: kalsiamu miligramu 1,200 "kwa vidonge viwili". Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kiasi hichohicho kwa siku, lakini kinahesabiwa pamoja na anachokula. Kidonge kimoja kinakutosha, na ukinywe na chakula, kwani hiyo ni kalsiamu kaboneti na bila chakula hainyonywi vizuri. Ujue tu kwamba inasaidia mfupa. Gegedu la goti, yaani ule mfupa laini wa kwenye kiungo, halipati chochote hapo.

Kuhusu glukosamini nitasema wazi, kwa sababu imewagharimu watu wengi matumaini. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao GAIT, uliofuatilia watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika kwa wiki 24. Kwa ujumla, waliopewa glukosamini, kondroitini (kirutubisho kingine cha viungo) au zote mbili hawakupata nafuu iliyowazidi kwa uhakika waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kikundi kidogo chenye maumivu makali zaidi kilielekea kunufaika na mchanganyiko, lakini kidogo mno kuamulia. Na kati ya wale wa vidonge vitupu, watu 60 katika kila 100 maumivu yao yalipungua! Ndiyo maana jirani anaweza kukuapia kwamba kopo lilimponya, naye hasemi uongo. Wewe usiogope glukosamini iliyomo, ilimradi huna mzio wa kamba na kaa, kwani mara nyingi hutengenezwa kwa magamba yao, na hutumii warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Ila usiitegemee.

Goti linalouma kwenye ngazi na kulegea baada ya dakika kumi linafanana na lililosagika. Lingekaza saa nzima, na vidole vikavimba, ningekukimbiza kwa daktari kwa hofu ya baridi yabisi. Dawa yako kubwa ni misuli ya paja. Kaa kwenye kiti imara, simama bila kushika, keti polepole, rudia mpaka paja lichoke, siku nyingi za wiki. Kama uzito umezidi, kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua. Hakuna kopo linalofikia hapo.

SWALI: Kaka mfamasia, natumia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, kila asubuhi. Nimeanza kalsiamu, madini ya chuma, na baiotini ya nywele. Vipimo vyangu vya tezi vimevurugika. Je, niongeze dozi?
Dada wa miaka 41

JIBU: Usiongeze kwanza, dada. Kalsiamu na chuma huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Ziache mbali nayo kwa saa nne. Baiotini haigusi tezi, lakini huharibu usomaji wa baadhi ya vipimo vya maabara. Iache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na uwaambie wa maabara. Zungumza na daktari wako upime upya baada ya wiki sita hadi nane za utaratibu huo, kisha yeye ndiye aamue dozi.