Ukuta mtupu, kanga ya wifi na mzee asiyetaka singeli

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi, nimechukua tano, waliobaki msininunie.

Shikamoo Anti. Nimehamia chumba na sebule Sinza, ukuta wote mweupe kama zahanati. Nna kama laki na nusu ya kupendezesha. Rafiki yangu anasema ninunue zile picha za kuprinti zenye maua na maneno ya Kiingereza, mimi roho inagoma lakini sijui pengine pa kuanzia. – Mpangaji, Sinza

Marahaba mwanangu, na hiyo roho isikilize. Jumamosi asubuhi nenda Oysterbay, ushuke Morogoro Stores pale Haile Selassie, ndo walipo wachoraji wa Tingatinga. Najua utasema aah, zile za watalii. Ngoja kwanza. Mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alikuwa kijana wa Tunduru aliyekuja mjini kutafuta maisha kama wewe, mwishoni mwa miaka ya 60 akaanza kuchora kwenye vipande vya silingi bodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndo vilivyokuwepo na ndo hela yake ilipofika, halafu 1972 akapigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa, yaani jina lote hili unalolisikia duniani ni kazi ya miaka isiyofika mitano. Kwa hiyo ukiona picha mbichi kabisa ina sahihi yake, cheka kidogo uendelee na safari.

Ukifika usinunue ya kwanza. Zunguka. Utakuta twiga chini ya mlima, twiga chini ya mlima, twiga chini ya mlima, hao wanalipa kodi za watu siwasemi vibaya, ila nyuma nyuma huko kuna picha za sokoni, za hospitali, za mganga na foleni ya wagonjwa wake, za mashetani wenye macho sita, hizo zina vituko na kila ukizitazama unaona kitu hukukiona jana. Uliza nani kachora hii. Mara nyingi yupo hapo hapo kakaa na brashi. Ukishajuana naye unaweza kumwambia nataka ya upana huu (nenda umepima ukuta kwa tepu, usikadirie kwa mikono kama nilivyofanya mimi), na bei inaongeleka.

Halafu shika rangi kwa kidole pembeni kabla hawajaikunja. Rangi ya mafuta inachukua siku kukauka na vijana wana haraka ya kuuza. Mimi niliwahi kununua tembo mzuri wa bluu, nikamviringisha mwenyewe kwenye gazeti kwa pupa ya kuwahi daladala, kufika nyumbani tembo ana matokeo ya ligi tumboni, mpaka leo yanasomeka.

Kama si mtu wa wanyama, ingia Nafasi Art Space, Mikocheni, studio zao ni makontena, unapita unachungulia wasanii wakifanya kazi. Waulize kazi ndogo za kwenye karatasi, hizo ndo mfuko wako unaweza kuzungumza nazo. Usitundike mkabala na dirisha la jua la mchana, na wala usijaze ukuta wote siku moja, weka moja ukae nayo.

Anti, wifi yangu anaolewa Tanga mwezi ujao na mimi ndo natokea Dar na zawadi. Mume anasema chukua kanga yoyote ya rangi nzuri. Ni kweli? – Mama Wawili, Temeke

Mwambie baba watoto anyamaze! Kanga yoyote ya rangi nzuri ndo imevunja koo za watu. Binamu yangu mmoja alimpelekea mama mkwe doti ya zambarau, nzuri kwelikweli, hakusoma jina, mama wa watu kuifungua mbele ya wageni imeandikwa WASIWASI WAKO NDIO MARADHI YAKO. Ramadhani nzima hakualikwa futari.

Bibi harusi wa pwani mpelekee kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, hapo hakuna wa kukunyooshea kidole maana mama zake na bibi zake wote wanajua maana yake. Juu ya hiyo ongeza doti nyingine moja ya kuvaa siku za kawaida, na hiyo ndo usome jina kwa sauti dukani, mara mbili, ukiwaza ataisomaje yeye na ataisomaje jirani. Ya dua au ya mapenzi sawa. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO ni maneno mazito sana mimi nayapenda, lakini kwa wifi? Hapana jamani, hiyo ni barua ya mashtaka.

Mtaa wa Uhuru Kariakoo utazipata zote. Taka pamba, maana siku hizi zimejaa za nailoni, zinang'aa vizuri dukani, ukijifunga mchana wa Tanga unaoga jasho. Dondoshea tone la maji kwenye ncha, likinywewa sawa, likisimama kama kwenye jani la mgomba rudisha. Ila mpya huwa na wanga, kwa hiyo ipe sekunde kidogo usiiaibishe bure. Na peleka doti ikiwa imekatwa na kukunjwa kwa cherehani, ukipeleka haijakatwa umempa bibi harusi kazi.

Dada, baba yangu (miaka 70) amekuja kuishi nasi Mbagala kutoka Morogoro. Mtaa mzima singeli kuanzia Ijumaa, anasema hii ni kelele ya jenereta. Nimpeleke wapi asikie muziki? – Kijana wa Mzee

Mpe salamu zangu mzee, shikamoo yake. Mtu wa Morogoro umri huo kakulia na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, kwa hiyo usianze na safari, anza nyumbani, mwekee Morogoro Jazz, bendi aliyoipigia Mbaraka, taratibu jioni halafu kaa kimya, ataongea mwenyewe, pengine na habari ya ile ajali ya Kenya ya 1979 iliyomchukua Mbaraka na walikuwa wapi siku waliposikia.

Baada ya hapo mtafutie bendi ya dansi ya laivu. Msondo Ngoma wapo tangu 1964 walipoitwa NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park, tangu 1978, na muulize mzee yeye ni wa upande gani kabla hujakata tiketi, maana huu ni usimba na uyanga mwingine, japo mwimbaji Muhidin Gurumo aliimba kote kuwili na hakuna aliyekufa. Kumbi zinabadilika, ulizia wiki hiyo hiyo. Wahini, mpate meza mbali na spika, wimbo unaanza polepole na hadithi yake, mzee atasikia kila neno, sebene likiingia, pale magitaa yanapochangamka, mwache anyanyuke mwenyewe usimvute mkono.

Ila mwambie na hili kwa adabu: singeli haikutoka kwenye jenereta, ni mtoto wa mchiriku, na mchiriku ulitoka kwenye ngoma za Wazaramo zikashushiwa vinanda vidogo vya Casio. Kasi ndo imezidi, hapo nakubaliana naye.

Anti filamu moja tu ya Kiswahili ya kutazama na mama mkwe, isiwe ya kupigana makofi sebuleni. – Bibie, Tabata

Vuta N'Kuvute, ya Amil Shivji, 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 50 na siasa za kudai uhuru na mapenzi ya Yasmin na Denge. Inakwenda polepole, pika chai kabla.

Nna usaili wa kazi Alhamisi, koti la suti la dukani siliwezi. Mtumba utaniaibisha? – Msaka Kazi, Kinondoni

Mtumba hauaibishi, mabega ndo yanaaibisha. Nenda Karume asubuhi belo zikifunguliwa, vaa koti, mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Likizidi hapo liache hata kama ni la bei ya maji, maana fundi anaweza kukupunguzia kiuno na mikono kwa siku moja lakini bega ni kulifumua koti zima na wengi wataliharibu. Angalia kwapani, angalia bitana kama haijachanika, soma lebo ndani, sufu nyepesi au kitani ndo zinavumilia joto la hapa. Vifungo vibaya visikutishe, badilisha vyote vifanane. Fundi apelekewe Jumatatu, siyo Jumatano usiku. Na Alhamisi kwenye mwendokasi koti ulibebe mkononi, ulivae ukishafika getini.