Mshauri wangu ananisikiliza tu: je, hii ni tiba?

SWALI: Shikamoo mshauri. Nilivamiwa usiku na watu wenye silaha, nikajeruhiwa. Majeraha ya mwili yamepona, lakini usingizi umenitoka, nikisikia kishindo mlangoni natetemeka mwili mzima, na njia ile siipiti tena. Ndugu zangu walinisihi nimwone mtaalamu wa ushauri nasaha, nami nimeshakwenda mara kadhaa. Ananisikiliza kwa makini, lakini nikimwuliza nifanye nini, huniuliza mimi mwenyewe naonaje. Hata kisa chenyewe hajanitaka nikisimulie. Je, hii ni tiba kweli, au napoteza muda?
Msomaji aliyeomba jina lake lihifadhiwe

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa yaliyokufika. Nianze na hali yako kabla ya kumzungumzia mshauri wako, kwa sababu wengi wenye dalili kama zako huogopa kwamba wanarukwa na akili, wakaificha hofu hiyo hata kwa watu wa karibu. Kukosa usingizi, kushtuka kupita kiasi na kukwepa mahali ulipoumizwa ni alama zinazojulikana za kiwewe. Mwili wako unafanya kazi ya mlinzi ambaye hajaambiwa kwamba wavamizi wameshaondoka. Dalili za namna hiyo zikiambatana na tukio kujirudia katika ndoto au fikra, zikadumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha, huenda zikawa ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ambao madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika mwongozo wao wa utambuzi mwaka 1980. Ugonjwa huo unatibika.

Kwa jinsi unavyomweleza mshauri wako, inaelekea anafuata mkabala unaomweka mteja mbele, ambao misingi yake iliwekwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo Rogers alikuwa amefanya kazi kwa miaka 12 na watoto pamoja na wazazi wao katika mji wa Rochester, wakati ambapo mtaalamu alitarajiwa kuchunguza, kufasiri na kuelekeza, naye akaja kuamini kwamba mwenye maumivu ndiye anayejua kinachomuuma na upande anaopaswa kuelekea. Mwaka 1957 alichapisha makala yenye masharti sita ya mabadiliko katika tiba. Matatu kati yake yanahusu mwenendo wa mshauri: awe mkweli wa nafsi na asijifiche nyuma ya cheo, amkubali mteja bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kama mteja anavyoyaona, bila kusahau kwamba maumivu hayo si yake.

Kwa mtu aliyeumizwa na binadamu wenzake, masharti haya yana uzito wa pekee. Aliyevamiwa hujifunza kusoma nyuso haraka, na akihisi kwamba mtu aliye mbele yake anaigiza upole, hujifunga. Tena hubeba maswali ambayo huwa hamwambii mtu: kwa nini nilipita pale, kwa nini sikupiga kelele, kwa nini miguu ilikataa kukimbia. Kuganda mbele ya hatari ni mwitikio wa mwili usiongoja uamuzi wa mtu, lakini anayejilaumu hawezi kuupokea ukweli huo kwa kuambiwa mara moja. Huanza kuupokea pale anapoitamka aibu yake mbele ya mtu asiyeshtuka, asiyemhukumu, wala asiyemkatiza kwa kumwambia asifikirie hivyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo sehemu kubwa ya uponyaji huanzia, ingawa kwa anayetazama kutoka nje huonekana kana kwamba hakuna kinachofanyika.

Kuhusu kutopewa maelekezo, tafadhali kumbuka kwamba usiku ule watu wengine waliamua kila kitu juu ya mwili wako, nawe hukupewa nafasi ya kukataa. Daktari wa magonjwa ya akili Judith Herman, aliyeandika mwaka 1992 kuhusu hatua za kupona, alisisitiza kwamba msingi wa uponyaji ni kumrudishia mwathirika uwezo wa kuamua mambo yake. Hatua yake ya kwanza ni usalama, ya pili ni kukumbuka na kuomboleza, na ya tatu ni kujiunga upya na watu na maisha. Mshauri asiyekulazimisha kusimulia kisa anaweza kuwa anailinda hatua ile ya kwanza, nami namuunga mkono. Kulikuwa na desturi ya kuwakusanya watu mara tu baada ya maafa na kuwataka waeleze yote katika kikao kimoja, lakini tafiti zilipopima matokeo yake hazikuona kwamba kikao hicho kinazuia ugonjwa, na baadhi zikaonyesha kwamba huenda kikawadhuru wengine. Shirika la Afya Duniani limeshauri kisitumike.

Hata hivyo, sitaki uelewe kwamba kila ukimya wa mshauri ni hekima. Kumheshimu mteja si kumnyima maarifa. Ukimwuliza kwa nini unatetemeka, unastahili kuelezwa, na ukitaka njia ya kuutuliza mwili usiku, unastahili kufundishwa, kwa mfano kupumua kwa utaratibu, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote na kuvitaja kimoja kimoja vitu unavyoviona ili akili itambue kwamba iko hapa na sasa. Sharti la sita la Rogers, ambalo husahaulika, ni kwamba mteja mwenyewe aihisi huruma na kukubaliwa huko, angalau kwa kiasi. Ikiwa wewe huhisi, mwambie waziwazi, kama ulivyotuandikia sisi. Atakavyolipokea neno hilo kutakuonyesha mengi kuliko vyeti vyake.

Mwulize pia kuhusu tiba zinazolenga kiwewe chenyewe. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mbili kwa ugonjwa huu: tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, na tiba ambayo mteja hulikumbuka tukio huku macho yakifuata mwendo wa kwenda na kurudi. Zote mbili huhitaji mtaalamu aliyefunzwa, na zote huenda vizuri zaidi penye uaminifu wa aina ninayoieleza hapa. Wiki zikipita bila usingizi wako kupata nafuu, mshauri mwaminifu hatakuzuia. Atakuelekeza kwa mwenzake. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje siku ya miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe papo hapo, na ufike kituo cha afya siku hiyo hiyo.

SWALI: Mshauri, kaka yangu alishuhudia rafiki yake akifa kazini, na tangu hapo amekuwa mlevi wa kila siku. Tumemwambia aache pombe kwanza ndipo tumtafutie mshauri. Je, tumekosea?
Dada mwenye wasiwasi

JIBU: Nia yenu ni njema, lakini mpangilio huo naupinga. Wengi hunywa ili wapate usingizi au wasione tena walichokiona, na ukiiondoa pombe bila kuugusa msiba wenyewe, unamwacha mtu peke yake na kile alichokuwa akikikimbia. Mambo haya mawili yanaweza kutibiwa kwa pamoja. Zaidi ya hayo, mtu anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa kunakohatarisha maisha. Kwa hiyo daktari amwone kabla ya kuacha. Katika mazungumzo, punguzeni mahubiri. Mwanasaikolojia William Miller, aliyekuwa akiwahudumia wenye matatizo ya pombe, alieleza mwaka 1983 namna ya kuzungumza inayotokana kwa sehemu kubwa na mawazo ya Rogers: mtu anayesukumwa huitetea pombe yake, lakini anayeulizwa kwa heshima pombe inampa nini na inamnyima nini huanza kuzitaja mwenyewe sababu za kubadilika. Mwulize kaka yako hivyo siku ambayo hajalewa, halafu umsikilize hata kama jibu lake litakuumiza.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa unasihi. Mteja akilia kwa muda mrefu, ninyamaze au nimtulize?
Mwanafunzi

JIBU: Mwache alie, huku akijua kwamba upo. Lakini tofautisha kilio na kuzama: ukiona macho yamekodoa bila kuona, pumzi imekatika au hakusikii ukimwita, mwite kwa jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie yuko wapi na wewe ni nani, wala usimguse bila idhini yake. Baada ya kikao, mweleze msimamizi wako yaliyotokea, pamoja na yale uliyoyahisi wewe.